Mikwaruzo Iliyotoka Baharini

Dereva wa katapila hajazima hata injini, msimamizi akaanza kufoka.

"Umeuchuna mwamba wote! Meno ya mashine yatabaki kweli?"

Yule dereva, mwanamke, akashuka. Chini ya udongo aliouondoa kupitisha barabara mpya, mwamba ulikuwa laini kama sakafu iliyopigwa msasa, na mikwaruzo imenyooka, yote ikielekea upande mmoja.

"Bosi, mimi nimepita hivi. Mikwaruzo inakatiza hivi. Au katapila langu linatembea kiubavu kama kaa?"

Vibarua wakaangua kicheko. Msimamizi akatishia kumwandikia barua ya onyo. Dereva akampigia simu wifi yake, mwalimu wa jiolojia chuoni.

Wifi alifika mchana na brashi, dira na koleo. Hakusalimia mtu. Alikwenda pembeni, mahali ambapo katapila halijagusa, akachimba, akafagia. Mikwaruzo ileile! Msimamizi akanywea.

"Ni barafu," wifi akasema. "Bonge la barafu kubwa kama mlima, lililotambaa juu ya nchi kavu likiburuta mawe chini yake. Karibu miaka milioni mia tatu iliyopita."

"Barafu? Kwenye joto hili?" Dereva alikuwa anajifuta jasho.

Wifi akapapasa kingo za mikwaruzo kuona ilikoanzia, akalaza dira. "Ilitoka kule."

Wote wakageuka. Kule kulikuwa na bahari tupu.

"Wifi, acha masihara. Barafu itapandaje kutoka baharini?"

"Haipandi! Ndiyo maana nachanganyikiwa kwa furaha. Bahari haikuwepo!" Alinyakua mfuko mtupu wa saruji, akachora mabara mawili na mistari ya mikwaruzo yake, akayachana yakawa vipande viwili. "Ng'ambo kuna mikwaruzo ya umri huohuo, inaelekea baharini. Sogeza vipande."

Dereva akavisogeza kwa vidole vyenye grisi. Mistari ikaungana.

"Mungu wangu! Ilikuwa nchi moja?"

"Moja! Tena ilikuwa karibu na ncha ya kusini ya dunia. Ikapasuka, mabara yakaachana polepole, na sisi tukaletwa huku kwenye joto."

Msimamizi alivua viatu vyake vya matope bila kuambiwa, akapanda juu ya mwamba, akaufuata mkwaruzo mmoja hatua kwa hatua. Kisha akaipigia simu ofisi kuomba barabara isogezwe. Walipombishia, akapaza sauti: "Njooni muone wenyewe!"

Dereva naye alikuwa kwenye simu na mumewe.

"Leo nachelewa. Dada yako analia na kucheka kwa pamoja, na mimi siondoki hapa."