Doa Jeusi Chini ya Bawa

Tangu siku alipokuta doa jeusi chini ya bawa la ndege yao, Halidi hakumwamini tena Jaydeep.

Ndege yenyewe ilikuwa ya kwenye kompyuta, usije ukadhani walikuwa na kiwanda. Halidi alikuwa fundi simu wa Mafiga. Jaydeep alikuwa akiwasaidia wazazi wake kuuza viungo katika duka lao la mjini. Jioni walikutana chumba cha nyuma cha duka hilo, katikati ya magunia ya iliki na mdalasini, wakaingia kwenye mchezo wa kurusha ndege. Wenzao mchezoni waliunda ndege za kawaida, zenye bawa huku na bawa huku. Wao waliunda kituko. Kilikuwa na bawa moja refu lililokaa mgongoni juu ya pini moja, kama rula iliyowekwa juu ya kifutio. Wakati wa kuruka na kutua, bawa linakingama. Ndege ikishashika kasi, rubani analizungusha: upande mmoja unakwenda mbele, wa pili unarudi nyuma, na ndege inachomoka. Watu waliicheka mpaka walipoiona ikipita mabonde ya Uluguru, ambayo mchezo huo uliyachora kutokana na picha za satelaiti.

Wazo la bawa lilikuwa la Halidi. Mahesabu ya uzito, mkia na injini yalikuwa ya Jaydeep. Sasa mashindano yalikuwa yamekaribia, na ndege itakayoshinda ingeingizwa ndani ya mchezo wenyewe, irushwe na watu wa dunia nzima, na majina ya waliobuni yaandikwe chini yake. Jina la Halidi halikuwahi kuandikwa popote pa maana zaidi ya kibao cha kibandani kwake. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyothubutu kumwambia mtu.

Ndiyo maana doa lile lilimchoma. Lilikuwa dogo, la duara, limewekwa mahali ambapo mtu haangalii. Yeye hakuliweka. Na wenye neno la siri la faili la ndege hiyo walikuwa wao wawili tu.

Angeuliza, yangekwisha. Lakini fundi simu haulizi. Miaka yote wateja walimwapia kwa Mungu kwamba simu haijaingia maji, naye akiifungua anakuta kutu. Alishazoea kutosikiliza maneno ya mwenye simu, akachukua bisibisi na kujionea mwenyewe. Tabia hiyo ilimlisha vizuri kazini, akaona aitumie na kwa rafiki yake.

Akaanza kuchunguza, na wallahi aliona mengi. Aliona Jaydeep anafunika kompyuta yeye akiingia. Alisikia Jaydeep na mama yake, Bi Bhanumati, wakizungumza Kigujarati nyuma ya pazia, na katikati ya maneno asiyoyaelewa likapita jina lake, mara wakacheka. Siku nyingine alimkuta Jaydeep kibarazani na simu sikioni, anasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Usimwambie Halidi kabla ya Jumamosi." Alipomwona, alikata.

"Mteja?" Halidi alimuuliza.

"Eeh, mteja. Anataka pilipili manga."

Pilipili manga gani inayofichwa kwa Halidi? Usiku huo hakula vizuri. Mkewe Furaha alimuuliza ana nini, akasema kichwa. Moyoni alikuwa amekwisha kata shauri: Jaydeep anawauzia wapinzani ndege yao, na doa lile ndiyo alama ya kuwaonyesha kwamba mali ni ile ile.

Kesho yake kibandani alifungua faili, akapunguza nguvu ya loki inayoshika pini ya bawa. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Lakini atakayeirusha kwa kasi yote, bawa likiwa limezungushwa, lingemkatikia angani. Wezi lazima waijaribu kabla ya mashindano, alijiambia, na hapo wataumbuka. Yeye angeikaza loki Jumamosi asubuhi, kabla ya kuikabidhi.

Jumamosi alikuta duka limefungwa. Akachukua bodaboda mpaka Kilakala, kwenye ukumbi wa kukodi yalikokuwa mashindano, akamkuta Jaydeep mlangoni, meno yote nje.

"Kabla hatujaikabidhi ndege, kuna kitu nataka kurekebisha," Halidi alisema.

"Nilishaikabidhi jana, ulipokuwa msikitini."

"Bila mimi?"

"Usiulize kitu. Utaona mwenyewe."

"Irudishe basi."

"Ikishapokelewa haiguswi, bwana. Tulia."

Halidi alitulia, na utulivu wake ulikuwa mbaya. Ameandika jina lake peke yake, aliwaza, kwa nini kingine aikabidhi kwa kificho? Angeweza kusema pale pale kwamba loki imelegezwa, waandaaji wakaiondoa ndege kwenye zamu. Hakusema. Kama ni kuvunjika, acha ivunjike mikononi mwake.

Ndani alimwona Bi Bhanumati amekaa safu ya mbele. Pembeni yake, ajabu, alikaa Furaha, amempakata mtoto wao.

"Shikamoo, mama," Halidi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Njoo, kaa hapa."

Kioo kikubwa kikawaka. Ndege yao ilikuwa kwenye kiwanja kifupi cha mlimani, juu ya Kinole, na maandishi yakajitokeza. Jina la ndege: MWANVITA. Wabunifu: Halidi, halafu Jaydeep.

Furaha akapiga vigelegele. Mwanvita lilikuwa jina la binti yao, aliyerithi la mama yake Halidi, yule marehemu wa Kinole aliyekuwa akimletea Bi Bhanumati mdalasini.

"Jaydeep alinipigia kuniomba ruhusa," Furaha alisema huku akicheka. "Kukuficha ndiyo ilikuwa kazi!"

"Nami nikamwambia, ndege yenye jina la mtoto isitoke mbele za watu hivi hivi," Bi Bhanumati alisema. "Nikamwambia aiwekee doa, kama la huyu. Watu wana macho."

Halidi akamtazama bintiye. Katikati ya paji la uso palikuwa na doa la wanja, dogo, la duara. Furaha alimpaka kila asubuhi ili asipatwe na kijicho, na kila asubuhi Halidi alilibusu.

"Jaydeep!" aliita, lakini Jaydeep alikuwa mbele kwenye usukani, masikio yamefunikwa kwa vipokea sauti, na ukumbi ulikuwa unashangilia. Ndege iliruka vizuri. Ikashuka bondeni, ikashika kasi, bawa likaanza kuzunguka. Watu wakasimama. Halafu bawa likakatika. Kiwiliwili kikapinduka, kikaenda kujibamiza kwenye msitu.

Jaydeep alikuja polepole, amenyong'onyea, akajiinamia mbele ya Furaha. "Nisamehe, shemeji. Nimemwangusha Mwanvita."

"Si wewe," Bi Bhanumati alisema. "Kuna mtu ameitazama vibaya. Doa lilikuwa dogo."

"Wamenionyesha kilichovunjika, mama. Ni loki ya pini. Niliipima mwenyewe, ilikuwa nzima. Mtu ameilegeza, na paswedi tunayo wawili tu..."

Akainua macho taratibu mpaka yakamfikia Halidi.

"Ni mimi," Halidi alisema. "Nilidhani umetuuza. Niliona lile doa."

Furaha akamvuta mtoto kifuani, akamfunika uso kwa mtandio. Halidi aliliona hilo, na likamuuma kuliko yote.

"Uliliona doa," Jaydeep alisema. "Na tulikuwa tunakaa pamoja kila jioni, Halidi. Kwa nini hukuniuliza?"