Wazee wa Watu

Bibi yake ndiye aliyempachika jina la Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, kwa sababu tangu alipojua kutembea hakuwahi kumaliza chakula akiwa ameketi. Alikula huku anatembea, akasoma huku anazunguka chumba, na akienda kwa watu alianza kuaga kabla kiti hakijapata joto. Chuo kikuu msichana huyo alichagua masomo ya ustawi wa jamii, na hapakuwa na safari ya wanafunzi iliyompita. Kwa hiyo siku chuo kilipobandika tangazo la kutafuta wanafunzi wa kwenda kujitolea nje ya nchi, likizo nzima ndefu, dada yake alijua mambo yamekwisha.

Tatizo ni kwamba bibi, aliyewalea wote wawili baada ya wazazi wao kufariki, alikuwa kitandani. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja na kumpindisha mdomo. Dada alikuwa fundi cherehani, naye alikuwa ameiburura cherehani yake mpaka chumbani kwa bibi ili ashone huku jicho moja likiwa kwa mgonjwa.

"Nenda," alimwambia mdogo wake, pini amezibana midomoni. "Ukibaki utanikanyagia vitambaa tu."

Kiguu akalichukua neno hilo kama ruhusa. Hakumtazama usoni aliyelisema.

Huko walikokwenda, wenzake walipangiwa shule na zahanati, yeye akapangiwa makao ya wazee. Lilikuwa jengo la ghorofa moja lenye korido ndefu inayonuka sabuni, na vyumba vyenye vitanda vya kupandishwa na kushushwa kwa kitufe. Kazi aliishika haraka. Alilisha, akaosha, akakata kucha, akasukuma viti vya magurudumu mpaka uani kwenye jua. Msimamizi wa makao, mama mpana mwenye sauti ya taratibu, alimsifu mbele ya wenzake. Kiguu akatuma picha nyumbani akiwa anamchana nywele ajuza mmoja, wote wawili wanacheka. Dada alijibu usiku, neno moja: "Umependeza."

Katika wazee wote, aliyepatana naye zaidi ni mmoja aliyeitwa Refa. Ujana wake wote Refa alikuwa mwamuzi wa mpira, na ingawa kumbukumbu zilikuwa zimemponyoka, kazi hiyo ilikuwa imemkaa mwilini. Alitembea korido nzima mikono nyuma, kidevu juu. Mpishi akichelewesha chai, Refa aliingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa kadi isiyoonekana na kumwinulia juu. Mpishi aliizoea hali hiyo. Alivua aproni na kutoka nje ya uwanja ameinamisha kichwa. Wahudumu wengine Refa aliwachosha, maana hakutulia hata kidogo. Kiguu hakumchosha. Walizunguka pamoja, mguu kwa mguu, wakizungumza lugha ambayo wote wawili walikuwa wameiazima, kila mmoja akiivunja kwa namna yake.

Jioni moja dada alipiga simu. Alisema bibi amepata kidonda mgongoni kwa sababu ya kulala sana.

"Mnamgeuza lakini?" Kiguu akauliza. "Mgonjwa wa namna hiyo inabidi ageuzwe mara kwa mara, Dada. Huku sisi tunamgeuza mtu na kumwekea mto katikati ya magoti. Mkimwacha alale upande mmoja lazima achubuke."

 Kwenye simu, cherehani ya dada ilinyamaza.

"Unaposema mnamgeuza," akasema taratibu, "unawasema akina nani?"



"Huku niko mimi," dada akaendelea. "Huko mko wangapi kwa mzee mmoja?"

Hakusubiri jibu. Hakukata simu kwa hasira pia; alisema bibi anaita, akaaga.

Kesho yake Kiguu hakukalika. Alitandika kitanda alichokwisha kukitandika. Alimlisha ajuza mmoja haraka haraka mpaka akapaliwa, ikabidi aombe radhi. Miguu ilimwasha kama mtu aliyekanyaga upupu, na kila alipojaribu kufikiria jambo jingine, sauti ya dada ilimrudia na swali lake.

Asubuhi hiyohiyo gari la kuleta mikate liliingia na lango likabaki wazi. Refa alilitazama, akaweka mikono nyuma, akatoka. Kiguu alimwona. Kazi yake ilikuwa kumshika mkono, kumrudisha ndani na kumwita msimamizi. Badala yake alivuta shali ya Refa kitini na kumfuata. Baadaye, alipotakiwa kueleza, alisema alihofia kumtia mzee jazba. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba yeye mwenyewe alitaka kutoka.

Refa alitembea kama mtu anayekwenda kazini. Walipita maduka ya simu, kituo cha mabasi, duka la kuuza magodoro. Penye njia panda aliinua mkono, magari yakasimama, naye akavuka bila kugeuza shingo. Kiguu alivuka nyuma yake roho mkononi, akiwaomba madereva radhi kwa ishara. Mwishowe wakafika kwenye nyumba ya ghorofa yenye rangi iliyobabuka. Refa akapanda ngazi, akagonga mlango bila kubahatisha.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya dereva wa basi, nywele zikiwa bado mbichi. Alimtazama mzee, kisha akamtazama msichana na beji yake ya kujitolea. Hakushtuka wala hakufurahi. Alichoka tu, pale pale mlangoni, kama mtu aliyeutua mzigo na kuambiwa aunyanyue tena.

"Ni baba yangu," akasema. "Ingieni."

Ndani, Kiguu aliona komeo lililopigwa juu kabisa ya mlango, mahali ambapo mtu hulifikia kwa kunyoosha mkono. Aliona dari ya jikoni imeungua na kuwa nyeusi juu ya jiko. Mabomba ya maji yalikuwa yameondolewa vishikio, mzee asije akayaacha wazi. Refa alizunguka sebule, akafungua kabati, akafunga, halafu akamgeukia binti yake.

"Kapteni, timu ziko wapi?"

"Mechi imeahirishwa," binti akamjibu bila kusita. "Uwanja umejaa maji."

Refa akatikisa kichwa kwa masikitiko, akakaa kwenye kochi. Kiguu hakuwahi kumwona amekaa kwa utulivu namna ile.

"Anakukumbuka," Kiguu akasema. "Ametembea mpaka hapa mwenyewe."

"Miguu yake ndiyo inayokumbuka. Mimi nimekuwa kapteni huu mwaka wa pili."

"Lakini hana shida. Mimi nampenda sana."

Yule mwanamke alitabasamu kidogo, tena bila kejeli. "Na mimi ningempenda hivyo, kama ningekuwa naondoka mwisho wa mwezi." Akachukua simu kuwapigia makao. Kabla hajabonyeza akauliza, kama mtu anayepitisha muda, "Kwenu wazee wanatunzwa na nani?"

"Dada yangu anamtunza bibi."

"Naye anapumzika lini?"

Kiguu akaichukua shali na kumfunika Refa mabega.

Waliporudi, msimamizi hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia kwamba mzee angeweza kugongwa, na kwamba yeye hakuletwa pale kuamua nani atoke na nani abaki. Kuanzia siku hiyo Kiguu alipelekwa chumba cha kufulia, akakunja shuka mpaka mwisho wa safari yake. Refa alikuwa akipita dirishani mikono nyuma, akimtazama kama mchezaji aliyefungiwa.

Kutoka chumba hicho ndipo alipompigia dada yake. "Nikirudi nitakaa na bibi. Wewe utaondoka kidogo."

"Niende wapi?"

"Popote."

Dada akacheka, kicheko kikavu. "Wewe? Wewe ambaye msusi hajamaliza upande mmoja umeshasimama?"

Lakini Kiguu aliporudi, dada alikuwa ameshafunga begi. Akaenda mji mwingine kwa rafiki yake waliyesoma naye.

Kumtunza bibi hakukufanana na kule. Kitanda kilikuwa kifupi, kimegusa ukuta, na hakikuwa na kitufe. Kumgeuza peke yake kulimvunja kiuno. Bibi naye hakuwa akicheka kwenye picha. Alitema chakula, akanuna, akaulizia jambo lilelile kutwa.

"Dada yako yuko wapi?"

"Amesafiri, Bibi."

"Na wewe unaondoka lini?"

Mara nyingine Kiguu alitoka nje na kuizunguka nyumba mbio mbio, sikio likiwa dirishani, halafu akarudi ndani na kumgeuza tena. Kidonda kilianza kufunga.

Dada alirudi amesuka, amenawiri. Alikaa kitandani, akaushika mkono wa bibi, na kusema bila kumtazama mdogo wake, "Kule kuna karakana ya kushona sare. Wameona kazi yangu. Wananitaka."

Kiguu alihisi miguu yote miwili inataka mlango. Chuo kilikuwa karibu kufunguliwa, na tangazo la safari nyingine lilikuwa limeshabandikwa.

"Nenda," akasema. Kisha, kwa kuwa neno hilo alilijua ladha yake, akaongeza, "Nasema kweli, Dada. Nitazame."

Dada akamtazama, akaanza kulia.

Dada alipoondoka, Kiguu alihama bweni, akawa anakwenda chuoni na kurudi. Shangazi yao alikubali kushinda na mgonjwa asubuhi. Darasani Kiguu hukaa kiti cha karibu na mlango, mguu ukitikisika chini ya meza, na kipindi kikiisha huwa wa kwanza kutoka. Akifika nyumbani bibi humwangalia, humkagua, kisha humuuliza dada yake yuko wapi. Kiguu humjibu, huvua viatu, na kumwambia wajaribu kugeukia upande wa ukutani.