Waliosimama Juu ya Mto

Pari alikuwa amelazwa hospitali ya mji wa Bethel tangu kabla ya Krismasi, na alivyoruhusiwa hakutaka kulala mjini hata usiku mmoja zaidi. Kaka yake Evon, aliyemfuata kwa kindege chake chenye skii, mbao za kutelezea kwenye theluji, badala ya magurudumu, alitazama mawingu akashauri wangoje. Pari akamwita mwoga. Wakaondoka.

Njiani mvua iliwakuta, na kwenye baridi kama ile mvua ikigusa bawa haichuruziki, inaganda papo hapo.

Sisi majirani tulikuwa kijijini kando ya mto, nyumbani kwa Wassillie, mume wa Pari, tukipika supu ya kumpokea, Evon alipoita kwenye redio ya upepo.

"Shemeji, mabawa yamejaa barafu. Nikipunguza mwendo tu, kindege kinataka kuanguka. Kurudi siwezi."

"Njoo basi. Mto umeganda vizuri, utatua juu yake."

"Mto wenyewe siuoni! Juu kweupe, chini kweupe. Sijui niko juu kiasi gani. Matawi yako wapi?"

Wassillie akachungulia dirishani. Matawi ya msonobari aliyoyachomeka kuonyesha mahali pa kutua yalikuwa yamefukiwa na theluji, na muda wa kukata mengine haukuwepo.

"Tutasimama sisi," akasema. "Ukituona sisi, utajua barafu iko wapi."

"Basi simameni pembeni kabisa, shemeji. Nakuja kasi, na kidude hiki hakina breki."

Tukatoka na makoti yetu meusi. Mvua ilikuwa imeufanya mto uteleze kama kioo kilichopakwa mafuta, tukawa tunatembea tumeshikana. Wassillie akatupanga mstari kando ya ukingo, mmoja mbali na mwenzake.

"Nastasia, wewe kaa mwanzo," akaniambia. "Mwili huo leo umepata kazi. Hata kipofu atakuona."

"Ngoja mkeo ashuke, nimwambie ulivyokonda kwa kujipikia!"

Akacheka, akaenda zake mwisho wa mstari, mbali kule ambako kindege kilitakiwa kiwe kimeshasimama.

Tulikisikia kabla ya kukiona. Kilitokea chini sana, kioo cha mbele kimeziba, Evon akichungulia dirisha la pembeni. Alipotuona akainua pua kidogo, skii zikagusa barafu, sote tukapiga kelele za furaha.

Lakini kindege hakikupunguza mwendo. Kilinipita kikiteleza, upepo ukakisukuma mkia, kikaanza kwenda kiubavu kuelekea ukingoni. Wenzangu wakakimbilia vichakani. Wassillie naye alikimbia, nilimwona kwa macho yangu. Akateleza, akapiga magoti. Akainuka, akateleza tena. Bawa lilimpata akiwa anainuka.

Kindege kikasimama kwenye theluji ya ukingo. Pari akafungua mlango, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mume wangu yuko wapi? Wassillie! Tumefika!"

Evon alikuwa ameshaona. Akamshika mkono.

"Usiende huko, dada."

"Kuna nini? Niache!"

"Pari, nakuomba. Usiende."

Akamponyoka, akaenda. Alikaa pale kwenye barafu na kichwa cha mumewe mapajani mpaka koti lake likagandana na barafu, ikabidi tulikate kwa kisu ndipo anyanyuke.

Ardhi ilikuwa ngumu mno, tukawasha moto juu yake siku mbili kabla ya kuchimba kaburi. Evon alichimba na wenzake, hakumtazama mtu usoni. Barafu ilipoyeyuka alikiuza kile kindege kwa mtu wa kijiji kingine cha huko chini mtoni, akahamia kwa dada yake.

Bado wanaishi pamoja. Evon anamkatia kuni, anamvulia samaki, Pari anampikia. Mezani wanaongea habari za kuni na samaki. Mgeni akimtaja Wassillie, Pari anaendelea kula kama hajasikia, na Evon anachukua koti lake, anatoka nje.