Kivutio Nambari Sita

Jumanne asubuhi mchora vibao alikuwa amemaliza kupiga msasa ubao mpya, ameupaka rangi nyeupe mara mbili na kuusimamisha ukutani ukauke, afisa utalii alipoingia karakanani na faili lake kwapani. Mchora vibao alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Watu wa mji ule mdogo walimwita Brashi, jina ambalo hakulichagua wala hakulikataa. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, cha nyuma alilala yeye na makopo.

"Maporomoko," alisema afisa. "Kilomita tatu."

"Ni nane, Bwana Afisa. Nimezitembea."

"Hata mimi nimezitembea. Mgeni akisoma nane anarudi hotelini kulala. Akisoma tatu anatoka. Na akishatoka, ametoka."

"Akifika ya nne je?"

"Ataona uvivu kurudi. Dada, wewe andika."

Brashi alikuwa na kanuni moja ya kazi: maneno ni ya mteja, unyoofu wa mstari ni wake. Akaandika tatu.

Rangi ile hukauka kwa saa sita, na kibao hakisimikwi kikiwa kibichi. Kilisimikwa Jumatano, penye njia panda nyuma ya soko. Alhamisi mwongoza wageni, ambaye wote walimwita Fimbo, aliondoka na wageni sita saa mbili kamili. Saa tatu kasorobo walikuwa wamesimama mbele ya maporomoko. Fimbo alirudi amenuna. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na hadithi nane, moja kwa kila kilomita, na sasa tano zilikosa mahali.

"Ile ya chui sikuigusa," alimwambia Brashi. "Nimefungua mdomo, maji haya hapa."

Wageni waliandika kwenye kitabu: matembezi mafupi, mandhari safi. Afisa alituma mtu na gurudumu la kupimia. Likasoma kilomita tatu na mita nne. Afisa alifuta zile mita nne kwa kalamu yake mwenyewe, na Jumatatu akaagiza kibao cha ziwa, ambalo lilikuwa kilomita saba. Brashi aliandika mbili. Ziwa likawa mbili.

Upande wa pili wa mji, kilomita nne kwa njia ya kupanda, palikuwa na kitongoji cha nyumba kumi na moja. Hakikuwa na kibao, kwa sababu hakuna aliyewahi kwenda kukitazama. Huko aliishi mama yake Brashi, na juu ya kifundo cha mguu wake wa kushoto alikuwa na kidonda cha miezi mitatu. Muuguzi wa zahanati ya mjini hakuuma maneno: kioshwe na kufungwa mara tatu kwa wiki, ama sivyo mguu utakatwa chini ya goti. Kilomita nne Mama aliziweza, kwa mkongojo na kwa kupumzika kila penye jiwe.

Wiki ile ya kibao cha ziwa Mama hakuonekana zahanati hata siku moja. Jumamosi Brashi alifunga karakana, akaenda.

Njia ilikuwa ileile hadi kwenye daraja la magogo, pale mji unapoishia. Baada ya daraja ilianza nyingine, naye aliitambua. Palikuwa na benchi la wageni lenye mguu mmoja mfupi. Palikuwa na mshale wa manjano juu ya mwamba, aliouchora mwenyewe mwaka juzi, na tone lililochuruzika ambalo alikuwa amekusudia kulifuta. Mshale ulielekeza kwenye maporomoko. Maporomoko hayakuwepo. Kisha yakafuata matete ya ziwani, kilomita tano za matete, bila ziwa. Alipiga hesabu kwa hatua: kumi na nne hadi mlangoni.

Mama alikuwa kibarazani, mguu juu ya kigoda. Jirani yake, mshona nguo mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa akimkanda kwa maji ya moto. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa miti unaofika kifuani.

"Umechelewa," alisema Mama.

"Njia imerefuka."

"Nimeona. Jumatatu nilifika kwenye benchi, nikakaa, nikarudi. Benchi zuri, ila linayumba."

"Njoo ukae kwangu mjini, Mama."

"Nilale na makopo ya rangi, niamke nimekuwa kibao? Na mbuzi wangu nimwachie nani?"

Jirani alicheka, akambadilishia kitambaa. Kidonda kilikuwa kimepanuka kwa upana wa kidole.

Jumatatu Brashi alikwenda ofisini kwa afisa. Alimweleza kwamba kilomita tano za maporomoko na tano za ziwa zilikuwa zimelala kwenye njia ya mama yake. Afisa hakubisha. Alifungua faili.

"Kilomita haipotei," alisema. "Huenda pasipo na kibao."

"Basi tukiwekee kitongoji kibao."

"Kibao ni cha kivutio. Orodha ina vivutio vitano, na kitongoji hakimo."

"Kina watu."

"Hata hapa sokoni kuna watu, dada. Hakuna anayepanda basi kuja kuwatazama."

Brashi alirudi karakanani, akachukua ubao uliobaki, akaandika: NYUMBANI KWA MAMA, KM 1. Jumanne alfajiri aliusimika mwenyewe kwenye daraja la magogo. Saa mbili Mama alikuwa amekaa kwenye foleni ya zahanati, wa tatu kutoka mlangoni.

Afisa alikuja na jembe mchana, kuung'oa. Alimkuta Mama, aliyesindikizwa na Brashi, amekaa chini ya kibao, bendeji mpya mguuni, anapumzika kabla ya kumalizia safari. Afisa hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na mama, aliyezikwa kilomita mia mbili kutoka pale, kwa kipimo cha zamani.

"Mama yangu, kibao hiki hakimo kwenye orodha."

"Kiingize."

"Orodha ni ya vitu vya kutazamwa."

"Nitazame basi. Tangu umefika unatazama jembe."

Afisa alimtazama. Kisha akafungua faili juu ya goti, akaandika: Kivutio nambari sita, kikongwe aishiye mbali.

"Kilomita moja si mbali," alisema Brashi.

"Kwenye kibao iwe moja, kwenye maelezo iwe mbali. Mgeni anapenda vyote viwili. Wahenga hawakukosea, mgeni njoo mwenyeji apone."

Masharti yalikuwa mepesi. Mama akae kibarazani kuanzia saa tatu hadi saa kumi, isipokuwa siku za kufunga kidonda, na mbuzi waonekane. Fimbo alifurahi, kwa kuwa alipata tena pa kusimulia habari ya chui, ambayo sasa ilitokea uani kwa Mama.

"Alikuwa paka," Mama aliwaambia wageni.

"Haya mambo yana tafsiri nyingi," alisema Fimbo.

Wiki ya kwanza Mama alimwambia bintiye kwamba hamwoni jirani. Akichungulia juu ya ua, aliona matete tu. Brashi aliyajua matete yale. Alisema labda jirani ana kazi nyingi.

Wiki ya nne kingo za kidonda zilikutana. Wiki ya sita muuguzi alitupa bendeji ya mwisho kwenye ndoo, akasema mguu umepona.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo, saa nane mchana, jirani aliingia uani kwa mbele, viatu mkononi, tumbo limeshuka. Wageni wanne walikuwapo, na Brashi alikuwa amekuja kupaka rangi nguzo za kibaraza.

"Umetoka wapi?" Mama aliuliza.

"Nyumbani. Hapo nyuma ya ua. Nimeondoka jana asubuhi, nikalala kwenye benchi. Sasa ni ishirini na saba." Alikaa. "Nakwenda kupimwa, halafu nirudi. Watoto nimewaacha na shangazi yao." Mgeni mmoja aliwapiga picha wote wawili. Jirani alimgeukia Brashi. "Na mimi nina nini cha kutazamwa, dada? Labda tumbo hili?"

Brashi alimuuliza afisa jioni ileile. Afisa alisoma kanuni zote, ukurasa kwa ukurasa. Mimba, alisema kwa masikitiko, ni kivutio cha muda, na orodha haipokei vivutio vya muda.

Kesho yake Mama alichukua mkongojo na mfuko wa jirani.

"Mguu huu aliukanda yeye," alisema. "Namsindikiza."

Afisa aliagiza ubao mdogo, na Brashi akauandika: KIMETOKA, KITARUDI. Wageni walipiga picha kigoda.

Saa tano asubuhi hiyohiyo afisa alirudi karakanani na faili. "Pango," alisema. "Kutoka tano kwenda moja."

"Hizo nne zitakwenda wapi?"

"Unajua."

Brashi alipiga msasa ubao, akaupaka nyeupe. Ilipofika zamu ya namba, alimimina rangi nyeusi kwenye kopo, akaongeza vijiko vitatu vya mafuta ya kupikia, akakoroga. Rangi ya namna hiyo haikauki kwa saa sita. Afisa alipita Jumapili, akapita Jumatatu, akapita Jumanne. Kila mara aligusa namba, akafuta kidole, akasema atarudi.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, Mama alisimama mlangoni, vumbi hadi magotini.

"Amefika kwake salama," alisema. "Mwezi ujao anakuja kujifungua."

"Aanze mapema," alisema Brashi.

Alimvutia mama yake kiti, akampa maji. Kisha akagusa namba kwa ncha ya kidole. Ilikuwa imekauka.