Nta ya Vettius

"Nipeni mtu yeyote mwenye masikio," Cossutius aliwaambia wenzake asubuhi ile, "na kabla hajamaliza kupiga chafya atakuwa upande wangu. Mikono ni ya wabeba mizigo. Mimi ninao ulimi."

Wakacheka, maana walimjua. Shule ya mwalimu Sextilius, pale nyuma ya soko la Roma, ilikuwa na kazi moja tu: kuwafundisha vijana wa watu kushawishi. Kila baada ya siku thelathini walishindanishwa, na mshindi alikalia kiti cha mbele mpaka shindano lijalo. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na akina baba walikuwa wamealikwa. Baba yake Cossutius alishasema, bila hata kupandisha sauti, kwamba kiti kisipopatikana leo, kesho kijana anakwenda shamba kusimamia nguruwe, na masomo ndiyo basi.

Kiti kilikuwa cha Vettius, mara tatu mfululizo. Basi Cossutius akamfuata uani, akamwekea mkono begani, akaanza kumwaga asali. Akamwambia kwamba hotuba yake ni nzuri mno, si ya kuwapotezea wazee watakaosinzia. Kwamba muungwana angesingizia kuumwa koo, akaitunza kwa siku ya maana. Vettius alimsikiliza hadi mwisho huku akila zeituni.

"Umemaliza, ndugu yangu?" akauliza. "Maana mbuzi wa bibi yangu akitaka majani hunishawishi kuliko wewe."

Akatema kokwa karibu na kiatu cha mwenzake, akaenda zake.

Kwa sheria ya Sextilius, asiyekabidhi hotuba yake iliyoandikwa hasimami kusema. Hotuba ya Vettius ilikuwa imechorwa kwenye vibao vyake vya mbao vilivyopakwa nta, na vibao vilikuwa mapajani mwa Daphnus, mtumwa mzee aliyemsindikiza shuleni tangu utotoni, ambaye saa ile alikuwa amesinzia kwenye benchi la mlangoni. Cossutius akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha ile mikono ya wabeba mizigo ikavichukua vibao, ikavifunua, ikaviweka ukingoni mwa jiko la makaa.

Wageni walipokwisha kukaa, Vettius alishika mbao tupu. Nta ilikuwa imechuruzika hadi sakafuni. Sextilius hakukasirika. Alitangaza kwamba mada ya leo imebadilika: je, Daphnus, aliyelala kazini na kuacha vibao motoni, achapwe? Cossutius ashtaki, Vettius atetee.

Daphnus alisema mara moja tu kwamba vibao alivipakata. Cossutius akalidaka neno hilo, akalichezea kama paka na mjusi. Kumbe nta ilijitembeza? Ilisikia baridi, maskini, ikaenda kuota moto? Akina baba wakashika mbavu. Vettius aliposimama kumtetea mzee wake, maneno yalimkwama, akalia mbele za watu. Baba yake, mwenye mtumwa, aliona haya kukataa mbele ya wageni. Mijeledi ishirini, hapo hapo uani. Makofi ukumbini yalikuwa mengi, kwa hiyo kilio hakikusikika sana.

Cossutius akakaa kwenye kiti cha mbele. Baba yake alitabasamu, jambo lisilo la kila mwaka, akainuka kuja kumpongeza.

Sextilius akainama kumrekebishia vazi begani, kama mwalimu anayejivunia mwanafunzi wake.

"Umesema vizuri sana, mwanangu," akamnong'oneza. "Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango ulipovichukua vile vibao."

Cossutius akahisi kiti kinamchoma. "Sasa mwalimu, mbona umeacha mzee achapwe?"

"Nilitaka kusikia utasemaje. Si haba." Akamnyoosha vazi taratibu. "Huyo baba yako anakuja, na mimi masikio ninayo, yote mawili. Nishawishi nisimwambie."

Cossutius akafungua mdomo. Baba yake alikuwa amebakiza hatua nne, kisha tatu, na kule uani, pale alipochapwa Daphnus, mtu alikuwa akimwaga maji.