Nyuma ya Massey Nyekundu

Padri alipomaliza kuyanyunyizia matrekta maji ya baraka, mimi nilikuwa nimeshachoka. Nilikuwa nimeamka kulisha ndama, nimempikia kaka yangu Malachy uji, nimemtafutia soksi zinazofanana, kisha nimekaa Misa nzima akininong'oneza kuniuliza ni nani yule aliyekaa mbele yetu. Alikuwa Fintan Duignan, jirani yetu tangu siku aliyozaliwa.

Kila mwezi wa Mei parokia yetu ya Cloonarra huwa na msafara wa matrekta ya zamani. Huwa tunatoa bandani matrekta ya baba na babu zetu, tunayapangusa vumbi na kuyaendesha barabarani kuchangisha fedha za basi la wagonjwa wa saratani. Wenye magari hupanga foleni nyuma yetu na kututukana kimoyomoyo. Tukirudi tunakunywa chai ukumbini, na kila mtu anasema mwaka huu ulikuwa mzuri kuliko mwaka jana.

Malachy alikuwa na trekta la baba, ile Ferguson ya kijivu. Baba alipofariki aliirithi yeye, na tangu hapo hakuna mwingine aliyewahi kukalia kiti chake, hata mimi niliyeishi naye nyumba moja maisha yetu yote, yeye bila mke na mimi bila mume. Mimi naendesha Massey nyekundu, ambayo hakuna anayeionea wivu.

Sasa macho ya Malachy yalikuwa yamekufa katikati. Pembeni yalibaki kidogo, ndiyo maana akitaka kukutazama anageuza kichwa upande, kama kuku anayechunguza punje. Daktari wa mjini Galway alimkataza kuendesha. Funguo za gari alinikabidhi bila ubishi, nikadhani yameisha.

"Daktari alisema gari," aliniambia Mei ya kwanza ilipofika. "Trekta si gari."

"Ni nini basi, baiskeli?"

"Ni chombo cha shamba. Na wewe si daktari, Assumpta."

Akabuni njia yake. Mimi nitangulie, yeye anifuate kwa karibu. Wekundu wa Massey aliweza kuuona hata kwenye ukungu wake ule. Nikikata kona, anakata. Nikisimama, anasimama. Kwa hiyo kila Mei nilikuwa naendesha matrekta mawili, langu kwa mikono na lake kwa shingo, maana nilikuwa nageuka nyuma kila mara hadi shingo inakauka. Yeye huko nyuma alikuwa anainua kidole kusalimu kila kinachopita, asije akamnyima mtu salamu. Mwaka jana alilisalimu rundo la majani ya ng'ombe lililofungwa plastiki nyeusi, na jioni akalalamika kwamba majirani siku hizi wana majivuno.

Sikumwambia mtu. Niliogopa ataua mtu barabarani, na niliogopa pia atabaki na nini nikimnyang'anya Ferguson. Hofu mbili hizo zilinichosha kuliko ndama wote. Nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza hakuhitaji nguvu.

Fintan ndiye msimamizi wa msafara. Alipita na kizibao chake cha njano akitupanga, matrekta ya polepole mbele, langu la kwanza na la Malachy la pili, na yenye kasi nyuma, halafu akasimama kwa Malachy.

"Mzee, mwaka jana ulimng'ang'ania dada yako mgongoni kama kupe. Sheria unaijua. Acha nafasi ya gari moja kati yenu, watu wapate pa kuingilia wakitupita."

"Naijua kabla hujazaliwa," alisema Malachy.

"Basi mbona huifuati? Au unaogopa kupotea?"

Wanaume wote waliokuwa karibu walicheka. Malachy naye alicheka, lakini nilimwona anavyosugua usukani kwa kidole gumba.

"Leo nitaacha nafasi ya kupita basi," akajibu.

Nilimshika mkono wa koti. "Usimsikilize. Njoo karibu kama siku zote."

"Assumpta, usinifanye mtoto mbele za watu."

Fintan alikuwa bado amesimama pale pale. Ilitosha nimwambie neno moja tu, na yote yangeisha kabla hayajaanza. Nikapanda Massey yangu nikawasha.

Kwa muda mambo yalikwenda. Miiba ya uzioni ilikuwa imechanua maua meupe, watu walikuwa wametoka getini na viti vyao kutupungia, na kila nikigeuka nilimwona Malachy, mbali kidogo kuliko nilivyotaka, kichwa kimeinama upande. Kisha magari yaliyokuwa nyuma yalianza kutupita. Moja lilipita, la pili likapita. La tatu lilikutana na lori linatoka mbele, likajibanza katikati yetu, kwenye ile nafasi ya Fintan.

Lilikuwa gari jekundu.

Nilimpungia yule dereva anipite. Nilimpungia hadi mkono ukauma. Hakuweza, barabara ilikuwa na kona baada ya kona. Tukaenda hivyo, mimi, gari jekundu, na kaka yangu akifuata gari jekundu. Tulipofika njia panda nilinyoosha mbele. Nilipogeuka, nyuma yangu palikuwa peupe. Gari lilikuwa limekata kushoto kuingia kinjia cha mashambani, Malachy naye amekata kushoto, na nyuma ya Malachy msafara mzima, trekta baada ya trekta, ukimfuata kwa utii, kwa sababu hivyo ndivyo msafara wa matrekta unavyokwenda, kila mtu anatazama mgongo wa mwenzake.

Niliiacha Massey kando ya barabara nikarudi kwa miguu, mbio, na mimi si mtu wa kukimbia. Kinjia chote kilikuwa kimezibwa. Wanaume walikuwa wameshuka, wanacheka hadi wanajifuta machozi.

"Kaka yako katuleta kunywa chai kwa watu," mmoja aliniambia.

Mwisho wa kinjia palikuwa na uwanja wa nyumba. Gari jekundu lilikuwa limesimama mlangoni, Ferguson imesimama nyuma yake, inanguruma, na Malachy juu yake. Mwanamke kijana alikuwa amebeba kitoto cha kike kinacholia. Chini, kati ya gari na gurudumu la mbele la trekta, kulikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Kati yake na lile gurudumu ungepitisha ufagio kwa shida.

"Wewe ni mtu wake?" mwanamke aliniuliza. Jina lake alisema ni Orla. "Mungu ambariki huyu mzee. Nilikuwa hata sijafunga mlango wa gari, huyu mtoto akatoka mbio na baiskeli kunipokea. Mzee akasimama hapo hapo. Mwingine angempitia. Ana macho huyu, mama. Ana macho."

"Ah, si kitu," alisema Malachy, akitabasamu kuelekea upande ambao hapakuwa na mtu.

Nilisogea hadi kwenye tairi kubwa. Akanitambua kwa sauti ya pumzi zangu, akainama.

"Mtoto gani?" akaninong'oneza.

Nikajishika kwenye bati linalofunika tairi. Hakuwa amesimama kwa ajili ya mtoto. Alisimama kwa sababu wekundu ulisimama, na Orla angepaki hatua mbili mbele zaidi, Malachy naye angekwenda hatua mbili mbele zaidi.

"Yuko mbele yako," nilimwambia. "Alikuwa chini, kwenye gurudumu lako. Na baiskeli yake iko pale sasa hivi."

Aligeuza kichwa upande, kisha upande wa pili. Alitafuta sana. Niliona kwamba haioni.

Fintan alifika akihema, kizibao kimepinda, anajaribu kukasirika na kicheko kinamshinda. "Haya, mzee, leo umetupata. Sikiliza. Uwanja huu unatosha kugeuzia. Geuka wewe kwanza, halafu utangulie wewe. Sisi tutarudi nyuma hadi barabarani, tukupishe, tukufuate hadi nyumbani. Leo wewe ndiye wa mbele."

Wanaume walipiga makofi. Mmoja akapiga mluzi. Miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumweka Malachy mbele, na nilijua ni heshima aliyoitamani tangu ujana. Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimeamua kwamba safari hii nasema, anichukie akitaka, anichukie hadi kaburini.

Malachy akazima injini.

"Fintan," alisema, "sioni."

"Huoni nini? Huo ukuta? Nitakuelekeza."

"Sioni. Huyo mtoto sikumwona. Wewe mwenyewe nakusikia tu."

Kicheko kilikatika mdomo kwa mdomo hadi mwisho wa kinjia. Orla alimhamishia mtoto bega la pili, akarudi hatua moja. Miaka hiyo yote nilikuwa nimengoja niyasikie maneno hayo, nikadhani siku nitakayoyasikia nitashusha mzigo. Sikushusha kitu. Nilitamani ayarudishe kinywani.

Akashuka taratibu, akipapasa pa kuweka mguu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Assumpta ataigeuza," alisema.

"Tafuta mtu mwingine," nilisema. "Sijawahi kuikalia."

"Najua."

Orla aliondoa baiskeli. Nikapanda. Kiti kilikuwa na joto lake. Malachy alisimama kando, ameshika bati la tairi kwa mkono wote, akinifundisha kwa sauti ya chini kwamba klachi inashikia juu kabisa, niiachie polepole, kwamba gia ya kurudi nyuma ina ukaidi, niilazimishe kidogo, kwamba usukani unavuta kushoto, ulikuwa unavuta kushoto hata enzi za baba. Nilimsikiliza hadi mwisho ingawa yote nilikuwa nayajua kwa kumtazama. Injini ikawaka. Watu wakasogea ukutani kunipisha. Yeye akabaki pale pale, ameshika.

"Malachy," nilimwambia, "achia mkono nigeuze."

Alilipapasa lile bati mara moja. Kisha akaachia.