Ini Lililoomba Kuelezwa

Mshona magodoro aliletewa gauni la hospitali lenye kamba moja tu nyuma. Akalikagua pindo, akasema aliyelishona alikuwa na haraka ya kwenda kuolewa. Akalivaa, akapanda kitandani, akabonyeza godoro kwa mazoea ya kazi. Sufi yote ilikuwa imekimbilia miguuni.

Daktari akaingia. "Leo tunatoa kinyama kidogo cha ini, tukakipime," alisema, akikitazama kitanda.

"Mnakitoaje, mwanangu?"

"Ni kitu kidogo tu, mama."

"Kidogo kwako au kwangu?"

Daktari akamgeukia muuguzi. Mdogo wa mshona magodoro, aliyekuja kumshikia pochi, akamnong'oneza, "Dada, nyamaza. Huyu ndiye mwenye sindano."

Hapo ini likaongea kutoka chini ya mbavu za kulia, kwa sauti nzito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Samahani, daktari. Anayechomwa ni mimi. Naomba kuelezwa."

Daktari akavuta kiti. Akakaa, akavua miwani, akainama ubavuni. Akaona ini limemzidi umri, akaliambia, "Shikamoo."

"Marahaba."

Akalieleza taratibu, kwa adabu zote. Kwanza ngozi inatiwa ganzi. Halafu sindano inapita katikati ya mbavu, inaingia na kutoka kufumba na kufumbua, na kinachotoka ni chembamba kama uzi. Wengi huumwa kidogo ubavuni, au begani upande wa kulia. Wachache huvuja damu ndani, na wachache zaidi huhitaji kuongezewa damu au kupasuliwa. Mara chache sana sindano hukosea njia ikagusa pafu au mfuko wa nyongo.

"Na kufa?" ini likauliza.

"Hutokea, lakini ni nadra mno. Tusipopima, nako tutatibu kwa kubahatisha."

Mshona magodoro aliyasikia yote, kama mtu anayesikiliza ya majirani ukutani.

"Basi kuna jambo," ini likasema. "Mwenye nyumba ana magoti mabovu. Kila siku ananiletea vidonge vya dukani, vile vya maumivu vinavyofanya damu iwe nyepesi."

Daktari akamtazama muuguzi. Muuguzi akatazama dari. "Hakusema," akajitetea.

"Niliulizwa na nani?" akasema mshona magodoro.

Daktari alilishukuru ini, akaamuru vidonge viachwe, shughuli ikaahirishwa hadi damu ipimwe upya.

Siku ilipofika, ini liliulizwa kama liko tayari, likapewa pole mapema. Mshona magodoro aliambiwa neno moja tu: "Usipumue." Hakupumua. Kitu kikalia kama mkasi mdogo, kikaisha. Akalazwa kwa ubavu wa kulia mpaka jioni, bega likimuuma, muuguzi akipita kila mara kulijulia hali ini.

Majibu yalipotoka, daktari alikuja na kiti chake mkononi.

"Mama, tupishe kidogo. Haya ni ya siri kati yangu na mgonjwa."

"Nikupisheni niende wapi, na mgonjwa nimembeba mwenyewe?"

Muuguzi akamziba masikio kwa pamba, akamgeuza uso ukutani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikifanywa wodini. Mshona magodoro akahisi mazungumzo yakitetema chini ya mbavu. Daktari alicheka mara moja, mwanzoni. Baadaye hakucheka tena.

Njiani kurudi nyumbani akauliza, "Amesemaje?"

"Mambo ya kitaalamu," likajibu ini.

"Nina nini?"

"Punguza chumvi."

"Nakuuliza hivi: nichukue kazi ya magodoro ya bweni la wasichana, au niwaambie watafute fundi mwingine?"

Ini likafikiri. "Usijichoshe na maswali."

"Loo!" akasema mdogo wake. "Kukaa na daktari siku mbili tatu, na lenyewe limeshasoma!"

Mshona magodoro akasimama kando ya barabara, mkono ubavuni. Akaliambia amelibeba miaka yote hiyo bila kulidai hata asante, angalau limwambie neno moja.

Likamwambia. Lina miadi na daktari Alhamisi asubuhi, na yeye alilete mapema, likiwa halijala kitu.